Gitaa la stili la pedali: noti isiporudi mahali pake, usikimbilie spana

FundiVyombo_Dom (mwanzisha mada)

Wakuu salaam.

Kuna watu nimekuwa nikiwajibu faraghani, maswali yaleyale kila mara, nikaona bora niyaweke hapa wote wasome. Niko Dodoma mjini, natengeneza vyombo vya muziki. Kazi zangu nyingi ni magitaa ya kawaida na amplifaya za makanisani. Haya ya pedali si mengi hapa kwetu, ila yakija yanakuja na lalamiko moja: "Fundi, halikai kwenye tyuni." Na ukiangalia chini yake, mwenye nalo keshazungusha kila nati aliyoiona.

Kwa asiyelijua: ni ile sauti inayolia kwa kuteleza kwenye nyimbo za kantri tulizozisikia redioni toka utoto. Kwenye rekodi nyingi za Don Williams aliyekuwa akilipiga ni Lloyd Green wa Nashville. Gitaa lenyewe linalala juu ya miguu, mpigaji anakaa kwenye kiti. Mkono wa kushoto unashika kipande cha chuma cha mviringo kinachotelezeshwa juu ya nyuzi, mkono wa kulia unakwanyua, mguu wa kushoto uko kwenye pedali, wa kulia kwenye pedali ya sauti, na magoti yote mawili yana leva za kusukuma. Nyuzi ni kumi. Mpangilio unaotumika zaidi ni E9: kuanzia uzi wa 1 ulio mbali na mpigaji ni F#, D#, G#, E, B, G#, F#, E, D, B. Pedali tatu, leva nne au tano.

Sasa pindua uone chini, ndiko kwenye mambo. Shafti zimelala kukatisha upana wa ubao, moja kwa kila pedali na kila leva. Ukikanyaga pedali, kijiti kinachopanda kutoka kwenye pedali kinavuta shafti yake, shafti inajizungusha kidogo tu, na vikono vilivyofungwa juu ya shafti vinavuta rodi nyembamba. Kila rodi inakwenda hadi mwisho wa gitaa, upande wa kulia wa mpigaji, ambako ncha yake ina nati ya kutyunia, na huko inamkuta mwenye kazi hasa: kidole.

Kidole ni kipande cha alumini chenye kichwa cha mviringo. Uzi unapita juu ya kichwa hicho na kunasa nyuma yake. Vidole vyote kumi vimepangwa kwenye ekseli moja. Rodi ya kupandisha ikivuta, kidole kinajizungusha na uzi unakaza. Rodi ya kushusha ikivuta, kinakwenda upande wa pili na uzi unalegea.

Pedali A inatoa uzi wa 5 na wa 10 kwenye B na kuwapeleka C#. Pedali B inatoa wa 3 na wa 6 kwenye G# hadi A. Pedali C inachukua wa 4 kutoka E hadi F#, na wa 5 huyohuyo tena hadi C#. Leva moja inapandisha zile E mbili, wa 4 na wa 8, hadi F. Leva nyingine inazishusha hadi D#. Kwa hiyo kidole cha uzi wa 4 kinavutwa na watu watatu tofauti, mbele na nyuma, na kila wakiachia kinatakiwa kisimame palepale, bila kupungua hata unywele.

Nani anakirudisha? Kikipandishwa, kinarudishwa na mvuto wa uzi wenyewe. Kikishushwa, kinarudishwa na springi iliyo nyuma yake. Shikeni hilo, kwa sababu uchunguzi wote unaanzia hapo.

Fanyeni hivi. Kanyaga pedali A, achia, usiguse kitu kingine. Kwanyua uzi wa 5, tazama tyuna.

Ikiwa noti imebaki JUU ya B, kidole hakijarudi. Kuna kinachokizuia: rodi imekazwa kupita kiasi, au ekseli ina uchafu, au kikono kinakwaruza jirani yake.

Ikiwa noti imebaki CHINI ya B, kidole kimerudi vizuri, usikisumbue. Tatizo liko mwisho wa pili wa gitaa, kwenye rola ambazo nyuzi zinapita kabla ya kufika kwenye funguo za kutyunia. Ulipokanyaga, uzi ulivutwa ukateleza kidogo juu ya rola kuja upande wako. Ulipoachia, rola ngumu ikakataa kuurudisha wote. Uzi umezidi upande wa kupigwa, umelegea, noti imeshuka.

Kwa leva ya kushusha ni kinyume chake. Achia leva, noti ikibaki chini, kidole hakijarudi: springi imechoka au kuna msuguano. Ikibaki juu, ni rola.

Maana yake ni kwamba kabla hujashika spana tayari unajua uende mwisho upi wa gitaa. Hiyo tu imeniokolea kazi nyingi.

Tahadhari: haya ni ya mtambo ambao kila kitu kinavutwa, ndio unaopatikana kwenye magitaa mengi ya siku hizi. Kuna mtambo wa zamani wa kampuni ya Emmons, wa miaka ya 1960, ambao rodi nyingine zinavuta na nyingine zinasukuma. Huo una utaratibu wake wa kutyuni. Mwenye nao asifuate mada hii kwenye suala la nati.

Maswali karibuni.

Mama_Kwaya

Shikamoo fundi, kama umri unaruhusu, na kama haujaruhusu basi habari za leo.

Kanisani kwetu, huku Nzuguni, tulipewa gitaa hili na mgeni aliyekuwa anahama nchi. Kijana wetu mmoja anajitahidi kulipiga. Shida ni uzi wa 5. Ibada ikianza uko sawa. Wimbo wa pili tu umepanda. Anaushusha kwenye funguo. Akishaushusha, pedali ya kwanza haifiki tena kule juu, anakaza nati ya mwisho wa gitaa. Jumapili inayofuata ni yaleyale. Sasa nati imefika mwisho haizunguki. Tumeambiwa gitaa limekufa.

FundiVyombo_Dom

Marahaba mama, umri unaruhusu kidogo. Gitaa halijafa.

Huyo kijana amejifunga kwenye mzunguko, na wengi wanaingia humo. Noti ya wazi, yaani ya uzi usiovutwa na pedali, ilikuwa juu kwa sababu nati ilikuwa tayari inakivuta kidole hata pedali ikiwa haijakanyagwa. Yeye akaishusha kwenye funguo. Uzi umelegea, kwa hiyo safari ileile ya pedali haifikishi C#. Akakaza nati. Nati ikazidi kukivuta kidole, noti ya wazi ikapanda tena. Hapo unaweza kwenda hadi nati iishe, na ndivyo ilivyokuwa.

Anayeendesha bodaboda ataelewa haraka: kebo ya klachi lazima iwe na mchezo kidogo kwenye mkono kabla haijaanza kuvuta. Ukiikaza hadi mchezo uishe, klachi inakuwa imeshikwa nusu muda wote. Rodi za gitaa nazo zinataka mchezo huo.

Afanye hivi, na asiruke hatua. Pedali isiguswe. Tyuna iwe imewaka kwenye uzi wa 5. Alegeze nati ya pedali A pole pole huku anakwanyua. Noti itakuwa inashuka, inashuka, halafu itafika mahali nati inazunguka lakini noti haisogei tena. Hapo ndipo kidole kimekaa kwenye kituo chake. Aongeze nusu mzunguko wa kulegeza. Aingize mkono chini aitikise ile rodi kwa vidole: lazima iwe na mchezo mdogo. Uzi wa 5 una rodi nyingine ya pedali C, nayo aipime hivyohivyo, maana yoyote kati ya hizo mbili inatosha kukishika kidole.

Baada ya hapo ndipo atyuni B kwa funguo. Kisha akanyage pedali A hadi mwisho, aishikilie, na akaze nati hadi C#. Achie. Aangalie B.

Jambo moja zaidi. Uzi wa 10 nao unavutwa na pedali A. Ukiona wa 5 na wa 10 wote hawafiki C#, msiguse nati hata moja. Nenda kwenye skrubu ya kituo cha pedali, ile inayoamua pedali iishie wapi. Imesogea. Uzi mmoja ukikosea, tafuta kwenye rodi na nati yake. Nyuzi zote za pedali hiyo zikikosea pamoja, tafuta kwenye pedali na shafti yake.

Kipanya_wa_Makole

Mkuu, nati za mwisho wa gitaa kwangu zimelika pembe. Nilitumia spana ya 5.

FundiVyombo_Dom

Ndiyo, hizo ni za nailoni na nyingi zinataka spana ya inchi 3/16, yaani milimita 4.76. Ya milimita 5 inaingia na inacheza, siku mbili tatu pembe zimekwisha. Tafuta ya inchi. Maduka ya spea za magari ukiulizia vizuri wanazo, ila ukiingia na kusema "nipe ya tano" utapewa ya tano. Na zile spana za L za kulegezea vikono kwenye shafti, kama gitaa limetengenezwa Marekani, nazo ni za inchi. Ukilazimisha za milimita utaharibu tundu la skrubu, na skrubu ndogo namna hiyo kuitoa ikishaharibika ni kazi ya kutwa nzima.

Mzee_Chilonwa

Vijana, nimesoma kwa utulivu. Mimi silipigi hilo, mimi ni mtu wa zeze na ilimba. Ila nimefanya kazi na mashine tangu ujana wangu na nina neno. Fundi, umetaja uchafu kwenye ekseli lakini hukusema usafishweje. Hapa Dodoma, kuanzia mwezi wa tano mvua ikishakatika hadi inaporudi mwishoni mwa mwaka, upepo ni vumbi tupu. Chombo chenye vidole kumi vilivyobanana, kikiwekwa kanisani madirisha wazi, kitakuwaje? Mimi ningekipaka grisi nzito kizibe vumbi lisiingie.

FundiVyombo_Dom

Shikamoo mzee. Hapo kwenye grisi tutabishana kwa heshima.

Grisi inafaa mahali penye nguvu kubwa na nafasi. Hapa nguvu ni ndogo na nafasi hakuna. Kidole cha 4, kwa mfano, kinarudishwa na uzi wa unene wa inchi 0.014 tu. Ukikiwekea grisi nzito, uzi hauna ubavu wa kukirudisha hadi mwisho, na noti inabaki juu. Halafu hilo vumbi letu halizibwi na grisi, linanata juu yake. Baada ya msimu mmoja una mchanganyiko unaosaga alumini. Nimefungua moja iliyokuwa imejazwa grisi ya bearingi za baiskeli, na kati ya kidole cha 3 na cha 4 ilibidi niingize karatasi nyembamba kuchimbua.

Mafuta yake ni mepesi: ya cherehani yanatosha kabisa. Tena kidogo mno. Chovya sindano, gusa pale kidole kinapokaa kwenye ekseli. Gusa viungo vya chini ya kidole. Gusa ncha za kila shafti na maungio ya pedali. Kanyaga kila pedali mara nyingi, pangusa kinachotokeza. Ukiona mafuta yanang'aa, umezidisha.

Kabla ya mafuta, kama vidole vimekuwa vigumu, vinasafishwa kwa ile petroli nyepesi ya kujazia vibiriti vya chuma. Legeza nyuzi, weka kitambaa chini, dondosha juu ya vidole huku mtu anachezesha pedali na leva, iache ishuke na uchafu wake hadi inayotoka iwe safi. Fanya nje, mbali na jiko na sigara, acha ikauke kabisa. Petroli ya pikipiki siishauri: inaweza kula vanishi ya ubao na harufu yake haitoki.

Na WD-40 kabla hajauliza mtu: inalegeza kilichoganda, lakini si mafuta ya kuachia humo. Ikishakauka umerudi ulipokuwa.

Kuhusu vumbi lenyewe, dawa ni kitambaa. Shuka zito likifunika gitaa zima hadi miguuni kila baada ya ibada linazidi chupa kumi za mafuta.

Mzee_Chilonwa

Marahaba. Shuka nakubali. Grisi nimeiacha, ila sijashawishika sana. Marehemu Hukwe Zawose alitoka huku kwetu na ilimba yake akaifikisha dunia nzima, na kutyuni ni kugongagonga vyuma mbele na nyuma basi. Huko kwenu mtu anatyuni noti ya wazi, halafu ya pedali, halafu ya leva, halafu anaanza upya. Ibada itaanza saa ngapi?

FundiVyombo_Dom

Hahaha, mzee huo ni ukweli mtupu. Ila mtambo ukiwa mzima, nati hazigusiki kwa majuma mengi. Asubuhi ni funguo kumi tu. Anayezungusha nati kila Jumapili ana ubovu ambao hajautafuta.

Jamaa_wa_Ndovu

Naomba niulize bila ubaya. Kwaya ya Kitanzania na gitaa la kantri la Wazungu, vinakutania wapi?

Nyuzi10

Mkuu, Nigeria walishalimaliza hilo swali. Demola Adepoju alilipiga kwenye bendi ya King Sunny Adé, muziki wa juju, ngoma zinazungumza na stili inajibu. Na kanisani ndiyo usiseme: huko Marekani makanisa ya Weusi ya House of God wana stili kwenye ibada tangu miaka ya 1930, walianza na ile ya mapajani isiyo na pedali, ndugu wawili Troman na Willie Eason ndio wanaotajwa. Robert Randolph ametoka humohumo. Sasa sisi tushindwe Nzuguni?

Jamaa_wa_Ndovu

Nimekusoma. Nitamtafuta huyo Adepoju.

Fizikia_UDOM

Fundi, hoja ya kutyuni. Sisi tunatumia programu ya simu. Kila uzi ukiwa katikati kabisa ya tyuna, ukipiga E, G# na B pamoja inasikika inawasha. Nilidhani ni mtambo.

FundiVyombo_Dom

Si mtambo, ni sikio lako linafanya kazi. Tyuna inagawa oktava sehemu 12 zilizo sawa. G# iliyo safi kwa sikio juu ya E iko chini ya ile ya tyuna kwa senti 14 hivi (senti ni sehemu moja ya mia ya nafasi kati ya noti mbili jirani). Kwenye piano tumezoea, lakini stili noti zake zinadumu muda mrefu na mtikisiko unasikika wazi. Wapigaji wengi wanashusha uzi wa 3 na wa 6 kidogo. Ila mnapiga na kinanda, na kinanda hakishuki. Kwa hiyo msishushe zote 14. Shusheni senti 5 hadi 8, sikilizeni pamoja na kinanda, na msikie waimbaji wanakwenda wapi. Hapa hakuna namba moja ya kumpa kila mtu.

Kisha kuna senti nyingine ambazo hata mtambo mzima unazila. Kanyaga A na B kwa pamoja huku unaangalia uzi wa 4 ambao hizo pedali haziugusi. Utaona umeshuka kidogo. Ubao wenyewe unapinda chini ya mvuto ulioongezeka. Hilo halirekebishwi kwa nati. Gitaa moja linashuka zaidi ya lingine, na kama ni senti chache tu achana nalo.

Kipanya_wa_Makole

Na nyuzi mnapata wapi jamani? Wa 3 unakatika kila mara, na seti ya stili hapa mjini sijawahi kuiona.

Nyuzi10

Hii naijibu mimi maana nimeshaizoea. Unene wa seti ya kawaida ya E9 kuanzia wa 1 ni 013 (yaani inchi 0.013), 015, 011, 014, 017, 020, 026, 030, 034, 036. Sasa chukua seti ya gitaa la umeme ya kumi: ina 010, 013, 017, 026, 036, 046. Humo umepata uzi wa 1, wa 5, wa 7 na wa 10. Chukua seti ya kumi na moja: 011, 014, 018 na nene tatu. Humo umepata wa 3 na wa 4, na hiyo 018 inakubalika kwenye wa 5 ukipenda. Umebakiza wa 2, wa 6, wa 8 na wa 9, hizo agiza kwa mtu anayekuja na treni kutoka Dar, na hizo hazikatiki ovyo. Pima urefu kabla hujanunua, maana magitaa mengine kichwa chake kirefu.

Na wa 3 nunua tano kwa mpigo. Ni 011 lakini unafikishwa G#, kwenye gitaa la kawaida uzi huohuo unaishia E. Halafu kila pedali B ikikanyagwa unapindwa palepale juu ya kidole.

FundiVyombo_Dom

Naongeza: ukikatika palepale kila mara, juu ya kichwa cha kidole, pitisha ukucha pale. Ukisikia mfereji, nyuzi zimekwishachimba alumini. Unasuguliwa kwa msasa laini sana, namba 1000 kwenda juu, kufuata mwelekeo wa uzi, mpaka ukucha usikwame. Toa kidogo, kwa sababu vichwa vyote kumi vinatakiwa vibaki usawa mmoja, la sivyo chuma cha mkononi hakitagusa nyuzi zote.

Mama_Kwaya

Fundi, narudi na habari. Kijana amelegeza nati kama ulivyoelekeza. Ilizunguka sana kabla noti haijaacha kushuka. Sasa uzi wa 5 unarudi B na ibada nzima ya Jumapili haukuguswa. Kwaya wameshangilia.

Ila sasa tumekuwa wajuzi, tumepima zote. Uzi wa 4, leva ya kushusha ikiachiwa, E inabaki juu. Kijana anasema kwa maneno yako hiyo ni rola. Ni sawa?

FundiVyombo_Dom

Ni sawa kabisa, mwambie yuko vizuri. Thibitisheni hivi: baada ya kuachia leva, na noti ikiwa bado juu, vuta uzi kidogo kwa mkono upande wa kupigwa, karibu na rola, achia. Mvuto huo unautoa uzi uliokwama nyuma ya rola. Noti ikishuka kurudi E, hakuna ubishi tena, ni rola. Legezeni uzi wa 4, usogezeni pembeni, mzungushe rola kwa mkono.

Mama_Kwaya

Haizunguki hata kidogo. Ya 3 na ya 5 zinazunguka, ya 4 imeganda. Amezitoa zote kwa kupanga mstari kwenye kitambaa ili zisichanganyikane. Ndani ya tundu la ile ya 4 kuna ukoko mweusi mgumu, na uzi ulikuwa umeshaikata upande mmoja, kuna alama kama ya msumeno.

FundiVyombo_Dom

Safi kwa kuzipanga, maana kwenye magitaa mengine mifereji ya rola inatofautiana kwa unene wa uzi. Ukoko autoe kwa kijiti cha meno kilicholowekwa ile petroli ya kibiriti, sio kwa msumari. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ekseli ya rola, apanguse. Upande uliokatwa msiukate zaidi kwa msasa. Igeuzeni rola, uzi ukae kwenye sehemu nzima, na ikiwa inazunguka vizuri mfereji utakuwa unabadilika wenyewe kadiri inavyotumika. Ikigoma, mkerezaji mwenye lezi ndogo anaweza kuitengeneza nyingine ya shaba kwa kunakili hiyo.

Mkerezaji_Kizota

Nimeitwa? Hiyo kazi inafanyika mkuu, mleteni sampuli nzima, ya 3 au ya 5, sio iliyolika.

Nami niulize. Nimetumiwa picha na mteja. Vikono vya kwenye shafti vina matundu kadhaa ya kufunga rodi, na kwenye kidole nako kuna matundu. Anasema pedali B, uzi wa 6 unaanza kupanda kabla ya wa 3. Nilitaka kumrefushia rodi, nikasita.

FundiVyombo_Dom

Umesita vizuri. Kwanza apime mchezo wa rodi zote mbili. Yenye mchezo mwingi inachelewa kuanza. Hiyo peke yake mara nyingi ndiyo jibu. Ikiwa mchezo ni sawa na bado, ndipo matundu yanaingia. Kwenye kikono, tundu lililo mbali na shafti linavuta rodi safari ndefu zaidi, na mguu unahisi uzito zaidi. Kwenye kidole, tundu lililo karibu na ekseli linapandisha noti haraka kwa safari fupi, nalo linaongeza uzito. Nyuzi hazihitaji safari sawa, ndiyo maana kuna matundu mengi. Asogeze moja tu kwa wakati mmoja, aanze na upande wa kikono, kisha atyuni upya na asikilize kama zinaanza pamoja na kuishia pamoja. Weka alama ya kalamu kwenye tundu la awali kabla hajatoa kitu.

Halafu atazame kitu kimoja: akikanyaga B, je, kile kipande cha nyuma cha kushusha kwenye kidole cha 6 kinabanduka kwenye bati lake? Kikibanduka, springi yake ni dhaifu, nguvu ya pedali inapotelea huko badala ya kwenye noti. Akaze springi hatua moja. Asikaze zote, pedali zitakuwa ngumu bila sababu.

Mkerezaji_Kizota

Imebanduka! Nimemwambia aangalie kwa tochi, kinaachia kabisa bati, unaona mwanga ukipita.

FundiVyombo_Dom

Basi anza na springi, matundu yasiguswe kwanza.

Mama_Kwaya

Fundi samahani, la mwisho. Pedali ya sauti inakwaruza kwenye spika ukiisogeza, na leo kamba yake ya ndani imekatika.

FundiVyombo_Dom

Mikwaruzo ni vumbi ndani ya ile rezista ya kuzungusha, mara nyingi ya kilo-omu 500. Fundi redio yeyote ana dawa ya kupuliza, apulize kidogo kwenye uwazi wake na kuizungusha mwanzo mwisho mara kadhaa. Ikiendelea kukwaruza imelika, inabadilishwa. Kamba usiweke mshipi wa kuvulia, unanyooka. Fundi viatu ana uzi uliopakwa nta, ule wa kushonea soli, huo unafaa. Kabla hajafunga, pedali iwe imelala kabisa upande wa kisigino na rezista iwe kwenye sifuri, azungushe kamba kwenye gurudumu dogo mizunguko ileile iliyokuwepo, ndipo akaze springi. Kama amesahau ilikuwa mingapi, apige picha ya ndani aitume hapa, nitamwonyesha.